Alama za Reli

Jumanne, 7 Januari

Buti za skii zimelala chini ya blanketi kwenye gari. Skii zenyewe, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, anakaa nazo Mei, mwalimu wetu, maana hazifichiki. Mama anajua kila Jumanne nabaki kliniki mpaka jioni. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Leo boksi. Sanduku refu la plastiki ngumu, limefukiwa kwenye theluji, juu pana kiasi cha kukaa mtu. Mei anasema tulizoee hilo kwanza. Reli, yaani bomba la chuma, itafuata. Unalijia moja kwa moja, skii bapa, magoti yamelegea. Hugeuki. Huvunji mwendo. Macho yanaangalia mwisho wa boksi, siyo miguu. Nimepita. Nimerudia, nimepita tena. Ile plastiki haina mshiko hata kidogo, ukiegemea upande umekwenda.

Kazi yangu ni kutoa watu damu ya vipimo, kliniki ya mtaa wa North York. Mchana kutwa nawaambia watu wasiangalie sindano, waangalie ukutani. Jioni naambiwa nisiangalie miguu na sisikii.

Byamungu kaniuliza tena nitamwambia Mama lini. Nikasema ngoja kwanza azoee baridi. Mume wangu hapendi uongo, hata huu mdogo. Ila aliniahidi kwamba hatasema yeye, na Byamungu akiahidi ameahidi.

Niandike na sababu, nisije nikajidanganya na mimi mwenyewe. Majira ya baridi yaliyopita nilivunjika kiwiko cha mkono nikijifunza skii. Mama alilia kwenye simu kutoka Tukuyu kama aliyefiwa. Akaniapisha kwamba naacha. Nikaapa. Mkono ulipopona nikarudi kilimani. Sasa Mama yuko hapa, katika vyumba vyetu viwili ghorofa ya kumi na nne, mtaa wa Etobicoke, na ataondoka Aprili.

Kwa nini siachi? Sijui. Nina miaka thelathini na mitatu. Pale juu sifikirii kitu kingine chochote. Basi.

Jumanne, 14 Januari

Leo kupita boksi kwa ubavu. Unaruka kidogo, unageuza mwili, skii zinakatiza boksi, unateleza ukiwa umeelekea pembeni. Siri ni kukaa katikati, uzito kidogo mguu wa mbele. Mwili hautaki. Mwili unataka kurudi nyuma, kukimbia. Ukirudi nyuma skii zinatangulia zenyewe na nyonga inapokea.

Nyonga imepokea mara nyingi leo. Na mkono wa kulia, juu ya kiwiko.

Nina hasira na mwili wangu.

Alhamisi, 16 Januari

Nilikuwa naosha vyombo, nimekunja mikono ya sweta bila kufikiri. Mama akauona mkono. Pamevilia damu, duara kabisa, kama aliyeshikwa kwa nguvu. Akaniuliza. Nikasema mlango wa gari.

Akauangalia sana ule mkono. Halafu akachukua kitambaa akaanza kufuta vyombo.

Jumanne, 21 Januari

Reli. Siku niliyoingoja toka mwaka jana.

Ni nyembamba. Ukiwa chini unaiona ni bomba tu. Ukiwa unaijia ni kitu kingine. Mei alipita mbele yetu polepole makusudi, mabega yametulia, chuma kikalia chini yake shhhh mpaka mwisho. Ana miaka hamsini na kitu. Akasema mkipanda kwa woga mtaanguka, mkipanda kwa papara mtaanguka, kwa hiyo pandeni tu.

Nikapanda. Sikufika popote. Skii zikaondoka, mfupa wa mbele wa mguu ukapiga chuma, paja likafuata. Nililala kwenye theluji nikiwaza kliniki, vipi nitasimama kesho. Nikaamka. Nikarudia. Nikaanguka vilevile. Kuna jamaa mmoja wa darasa letu kaondoka leo, kasema harudi.

Naogopa reli. Naandika ili iwe imeandikwa.

Jumatano, 22 Januari

Mama kafungua mlango wa chumba bila kubisha. Nilikuwa nabadilisha nguo ya kazi. Paja zima ni zambarau na njano, toka nyongani hadi karibu na goti.

Akafunga mlango taratibu.

Nilikaa kitandani nikisubiri aniite. Hakuniita. Nimefurahi kwamba hakuuliza. Huo ndio ukweli, nilifurahi.

Jumamosi, 25 Januari

Mama ana jambo. Byamungu karudi kutoka zamu yake ya kiwanda cha mikate, kamwamkia, "Shikamoo Mama." Mama alikuwa anaangalia dirishani, akaendelea kuangalia dirishani. Byamungu akarudia. Mama akaingia chumbani kwake.

Wakati wa kula akanipakulia mimi, akajipakulia yeye, akafunika sufuria. Byamungu akainuka akajipakulia mwenyewe. Kisha Mama akaja kukaa kati yetu kwenye kochi, katikati hasa, na lile kochi ni la watu wawili.

Nikadhani amechoka na nyumba, au theluji imemshinda. Mama hakumpenda Byamungu tangu mwanzo, hilo najua. Anatoka Bukavu. Mama anasema Kiswahili chake kinamchanganya, na kwamba watu waliokulia kwenye vita huwezi kujua wamebeba nini. Lakini alikuwa akimwitikia salamu.

Jumapili, 26 Januari

Nimejua.

Baada ya ibada, Mama Furaha, kiongozi wa akina mama kanisani, alinivuta pembeni, pale panapotundikwa makoti. Akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Atupele, nyumba yangu iko wazi. Saa yoyote. Huna haja ya kupiga simu kwanza."

Sikuelewa. Nikamshukuru. Nikafikiri ni ukarimu tu. Ndipo nikawaona wengine watatu nyuma yake, wanavyoniangalia, na wanavyomwangalia Byamungu aliyekuwa mlangoni na funguo za gari mkononi.

Wanadhani ananipiga. Mama anadhani ananipiga.

Jumatatu, 27 Januari

Nikamwambia Byamungu asubuhi, kabla hajatoka. Kumbe alikuwa anajua. Mjomba wangu alimpigia kutoka Tukuyu wiki iliyopita, akamwambia kama amechoka kuishi na mtoto wao amrudishe mzima. Mzima! Byamungu akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asante, Mjomba.

Nikamwuliza kwa nini hakunieleza. Akasema alikuwa anasubiri kuona kama nitaona mwenyewe.

Akasema, "Mwambie leo."

Nikasema Jumamosi. Nikampa sababu: nitakuwa nyumbani siku nzima, nitamkalisha Mama vizuri, nitamweleza kwa utulivu. Zote za kweli. Ile nyingine sikuitaja. Kesho ni Jumanne, na nikimwambia Mama leo, kesho siendi kilimani.

Nadhani aliijua pia. Alivaa viatu akaondoka bila kuniaga.

Jumanne, 28 Januari

Nilikwenda.

Nilifika nusu ya reli. Nusu nzima, kwa ubavu, nikisikia chuma chini ya miguu. Kisha nikaangalia miguu nikaanguka. Sikuwa na furaha yoyote. Nilikuwa nawaza wao wawili ndani ya nyumba.

Nilipofungua mlango, begi langu lilikuwa sebuleni. Limefungwa. Mama kavaa koti lake amekaa kwenye kiti cha jikoni. Byamungu kasimama karibu na dirisha, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Mama alikuwa amepiga simu kliniki. Hajui Kiingereza, lakini alimpa Mama Furaha namba akapiga yeye. Wakaambiwa natoka saa kumi kila siku, Jumanne na siku nyingine zote. Basi Mama akamkabili Byamungu. Ananificha wapi Jumanne? Ananipeleka wapi nirudi na alama?

Haya aliyasema mbele yangu tena, ili nisikie majibu. Byamungu akajibu polepole, "Mama, miye siko mutu wa kupiga bibi."

"Bibi gani?"

"Bibi yangu. Atupele. Pale anaendaga, ni yeye atakuambia. Miye nilimupa neno."

Walikuwa hivyo tangu alasiri. Na yeye hakusema. Sentensi moja ingemwokoa na hakuisema.

Nikasema mimi. Yote, nimesimama na koti langu. Skii, kilima, boksi, reli, Mei. Nikazileta buti kutoka kwenye gari, theluji bado haijayeyuka kwenye vifungo. Mama akazitazama buti kama mtu anayeonyeshwa risiti ya duka asilolijua.

"Mwaka jana uliniapia kwa jina la Mungu kwamba umeacha," akasema. "Kwa hiyo ulinidanganya wakati ule, au unanidanganya sasa. Ni lipi?"

Nikasema wakati ule.

"Kila mwanamke huanguka, Atupele. Kila mwanamke ana mlango na ngazi yake."

Hakuniamini. Nimesema ukweli na haukutosha. Sikujua kama hilo linawezekana.

Jumatano, 29 Januari

Byamungu kaenda kwa kaka yake, North York. Ni yeye alisema. Kwamba Mama hatalala humu akiwa naye, na mzazi hawezi kulala kwenye kiti. Akachukua nguo za kazi na mswaki. Nikamfuata hadi kwenye lifti. Nikamwambia samahani. Akabonyeza kitufe.

"Ulienda jana," akasema. Hiyo tu. Mlango wa lifti ukajifunga.

Alhamisi, 30 Januari

Kazini nimekosa mshipa wa mzee mmoja, na mishipa yake ni kama kamba. Nikamwomba radhi.

Nyumbani Mama anapika vyote ninavyovipenda. Mbalaga leo, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, sijui ndizi kazipata wapi. Anafikiri amenikomboa. Ananiangalia kwa huruma nikila.

Ijumaa, 31 Januari

Nimempigia Mei nikamweleza yote. Akasema, mlete.

Mama kakataa. Nikamwambia kama nadanganya, kesho itajulikana, na nikithibitika mwongo nitapanda naye ndege kurudi Tukuyu. Akasema sawa. Haraka mno. Akaanza kuuliza viza yangu inaisha lini, akasahau kwamba mimi siishi huku kwa viza.

Jumamosi, 1 Februari

Baridi ya kukata masikio. Nilimvalisha Mama koti kubwa la Byamungu kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Alisita kulivaa. Akalivaa.

Kilima kiko humu humu mjini, ukisimama juu unaona maghorofa. Mei alitungoja chini, akamshika Mama mkono, akampeleka kwenye uzio karibu kabisa na reli. Watoto wadogo walikuwa wanapita huku na huku kama swala. Mama alisimama wima kama mtu aliyekwenda kusikiliza kesi.

Nikapanda na kile kiti cha waya kinachopandisha watu kilimani. Nikiwa juu nikamwona, doa jeusi kwenye theluji. Nilijua kazi yangu ni moja. Nianguke, aone. Kitu ninachokifanya kila Jumanne bila kujitahidi.

Nikashuka. Nikaijia reli. Sikufikiria miguu hata mara moja, nilimfikiria Mama. Nikaruka, nikageuka, nikatua, na chuma kikaanza kulia chini yangu. Kikaendelea kulia. Nikaona mwisho wa reli unakuja, nikaona theluji, nikatua na skii zote mbili.

Reli nzima. Mara ya kwanza maishani mwangu.

Mei alipiga kelele kama kachomwa. Mama hakutikisika. Nilipofika kwenye uzio akaniuliza kwa sauti ndogo, ngumu:

"Mbona huanguki?"

Nilitaka kulia na kucheka. Sikufanya hata kimoja. Nikasema ngoja.

Nikapanda tena. Nikawaza kujiangusha makusudi, nikashindwa. Mama angejua, ananijua tangu tumboni. Na kujiangusha ungekuwa uongo mwingine. Nikaijia reli kama inavyotakiwa. Sasa nilikuwa na hofu ya kila namna. Nikaangalia miguu. Skii zikanitoka mbele, nyonga ikapiga chuma palepale pa siku zote, nikaviringika hadi chini ya uzio.

Sauti ya Mama niliisikia kabla sijasimama. Alikuwa anapiga ukelele wa kwetu, ule wa msibani, na watu wote wa kilimani wamegeuka. Alikuwa amekwishapita chini ya uzio. Akapiga magoti kwenye theluji, akaniinua koti, akanivuta suruali kiunoni mbele ya watu, aone. Pameanza kuwa pekundu. Juu ya ile njano ya zamani, mahali palepale.

Akaweka kiganja juu yake. Akakiacha pale.

Mei akachuchumaa. Bila mtu kumwomba, akakunja mguu wa suruali yake hadi gotini. Mfupa wake wa mbele una madoa kama ramani, mapya na ya zamani. Mama akayapapasa kwa kidole, moja moja. Akaniambia nimwulize Mei kama ana mume.

Nikatafsiri. Mei akasema hajawahi kuolewa.

Mama akakaa chini kwenye theluji.

Kwenye gari hakutaka niwashe injini. Akasema, huku akiangalia mbele, kwamba dada yake mkubwa, mama mkubwa Sekela ambaye sikumkuta, naye alikuwa anaanguka. Alianguka kwenye ngazi za ghala. Alianguka mtoni. Alianguka kisimani. Mama alikuwa msichana, aliziona alama, akauliza mara moja, akajibiwa mtoni, akaridhika. "Niliridhika, Atupele. Tulimzika nikiwa bado nimeridhika." Alipoliona paja langu alijiapiza kwamba safari hii hataridhika na jibu lolote.

Nilimshika mkono. Akauondoa.

"Mimi nilikosea kwa kutojua," akasema. "Wewe ulikuwa unajua. Uliniacha nimchukie mtu bure, ukaenda kucheza."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumapili, 2 Februari

Baada ya ibada akina mama walibaki kwa chai yao. Mama akasimama bila kuitwa. Akasema yeye ndiye aliyewaambia kwamba mkwe wake anampiga binti yake. Akasema si kweli, ameona kwa macho yake, na kila aliyelipeleka neno lile mahali alifuate alirudishe. Akawaeleza ninachofanya. Mmoja akauliza kwa nini mtu mzima ateleze juu ya bomba. Mama akasema hilo hata yeye halijui, mwulizeni mwenyewe.

Nikasimama na mimi. Nikasema nilimdanganya mama yangu na mume wangu akabeba. Sauti ilikuwa inatoka kama ya mtu mwingine. Mama Furaha hakuinua macho kutoka kwenye kikombe. Kisha akasema nyumba yake bado iko wazi, kwa yeyote, na asionekane mtu anayecheka kwa sababu safari hii haikuwa kweli.

Tulipotoka tulikwenda moja kwa moja North York. Byamungu akafungua mlango yeye mwenyewe. Mama alikuwa kavaa lile koti kubwa la mkwe wake. Akaanza kupiga magoti pale kwenye korido, Byamungu akamdaka mabega kabla hajafika chini.

"Hapana, Mama. Hapana. Weye ulichunga mutoto wako."

Wakalia wote wawili, mkwe na mama mkwe, wameshikana. Mimi nilisimama pembeni na sufuria ya wali. Mimi Byamungu hakunitazama.

Amerudi nyumbani. Amekaa mbali nami.

Jumanne, 4 Februari

Sikwenda darasani. Si adhabu, hakuna aliyenikataza. Mama mwenyewe aliniuliza mbona sijiandai.

Nilimngoja Byamungu atoke kazini. Nikamwambia aseme chochote alichonacho. Akala kwanza. Kisha akasema. Mjomba hakumwumiza sana, wala macho ya kanisani, watu wamemfikiria mabaya tangu kambi ya wakimbizi na amezoea. Ni ile Jumanne. Alisimama dirishani toka alasiri, Mama akimwuliza swali lilelile, na yeye anajua niko wapi, na anajua kwamba nilijua anashukiwa nini, na bado nikaenda.

Sikujitetea. Sina cha kujitetea nacho. Nikasema ndiyo, nilijua, na nilikwenda.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema asante kwa kutoleta maneno mengi.

Jumapili, 9 Februari

Mvua badala ya theluji. Hatukutoka baada ya ibada. Mama na Byamungu walibishana kuhusu ugali, yeye anautaka mlaini, Mama anasema huo ni uji. Ukapikwa wa Mama.

Mjomba alipiga simu akamwomba radhi Byamungu. Yakaisha kwa dakika chache, wakaanza kuzungumzia mpira.

Mama amesema hatakuja tena kilimani, kuona mara moja kumemtosha. Amesema pia nikirudi na alama nimwonyeshe, nisisubiri aone mwenyewe. Nikakubali. Akaenda kulala mchana.

Nilikaa kochini. Byamungu alikuja akakaa upande wa pili, kisha akajilaza, akaweka kichwa chake kwenye paja langu. Mara ya kwanza tangu arudi. Lilikuwa paja lenyewe, la reli. Uchungu ukapanda hadi mbavuni.

Nikamwambia hapo panauma.

Akainuka, akazunguka, akalaza kichwa kwenye lile lingine.